Eli ya Uskoti Ilisafiri, Ulanzi wa Njombe Umebaki

Eli ni bia ya shayiri iliyo kongwe kuliko laga. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, ikakaushwa kuwa kimea, ikapondwa na kutiwa maji ya moto yanayoitoa sukari. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na maua ya hopsi, yakapozwa, kisha chachu ikaachiwa ifanye kazi yake katika joto la chumba kwa siku chache. Laga hupita njia hiyohiyo, ila chachu yake hupenda baridi na bia hulazwa kwa majuma kabla ya kunywewa. Karibu bia zote za chupa zinazouzwa Njombe na Makambako ni laga: Safari, Kilimanjaro, Serengeti. Mtu wa nyanda hizi za juu za kusini mwa Tanzania akisikia bia, hufikiria kinywaji cha rangi ya dhahabu chenye gesi nyingi. Eli ya Uskoti haiko hivyo. Ni ya hudhurungi, gesi yake ni ya kiasi, na utamu wa kimea hutangulia uchungu wa hopsi. Hunywewa ikiwa na ubaridi wa ghala la chini ya ardhi tu, jambo ambalo Njombe katika mwezi wa Julai lingewezekana bila friji.

Madaraja ya eli hiyo hutajwa kwa shilingi. Ya shilingi 60 ni nyepesi, ya 70 ni ya kati, ya 80 ina nguvu zaidi, na ya 90 kwenda juu ndiyo ya kunywewa kwa tahadhari. Hizo zilikuwa bei za pipa katika karne ya 19. Bei zilibadilika mara nyingi baadaye, na mwaka 1971 Uingereza iliachana kabisa na shilingi, lakini baa za Edinburgh bado zina eli ya 80. Mteja wa kilabu cha Makambako, aliyezoea kuagiza ulanzi, pombe ya mwanzi, kwa kutaja hela aliyonayo mkononi, hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Bia hiyo ilikuwa na sifa moja iliyoibeba mbali: ilivumilia safari. Ilikuwa imechemshwa, hopsi ziliizuia isiharibike haraka, na ilipotiwa kwenye chupa yenye kizibo iliweza kukaa miezi kadhaa. Edinburgh na Alloa ikawa miji ya viwanda vya bia. Ukoo wa Younger ulianza biashara hiyo katikati ya karne ya 18. William McEwan alifungua kiwanda chake Edinburgh mwaka 1856. Mapipa na makreti yao yaliwafuata askari, makarani na walowezi hadi India, Australia na visiwa vya Karibi. Wengine walikwenda na ujuzi wenyewe badala ya mapipa. Alexander Keith, mzaliwa wa kaskazini ya Uskoti, alihamia Halifax nchini Kanada mwaka 1817, na miaka 3 baadaye alikuwa na kiwanda chake. Shayiri aliikuta hukohuko. Alichosafiri nacho ni namna ya kuipika.

Kinywaji peke yake hakimfanyi mtu aliye ugenini akumbuke kwao. Waskoti walikiwekea siku. Tarehe 30 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa nchi yao, na tarehe 25 Januari ni kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns, mwaka 1759. Usiku huo wa Burns huliwa hagisi, yaani mapafu, moyo na maini ya kondoo vilivyokatwakatwa na kuchanganywa na unga wa oti ndani ya tumbo la mnyama, chakula ambacho mpishi wa supu ya utumbo asingekishangaa. Husomwa mashairi, hupigwa zumari za mfuko, na glasi hunyanyuliwa kwa utaratibu unaojulikana. Vyama vya kusimamia mambo hayo ni vya zamani sana. Kile cha Charleston, Marekani, kilianzishwa mwaka 1729, nacho kilikuwa pia chama cha kuwasaidia waliokwama ugenini. Kenya nayo ina chama cha Wakaledonia, yaani Waskoti, kinachoandaa usiku wa Mtakatifu Andrea. Zumari zenyewe zimevuka mipaka ya Waskoti: bendi za kijeshi za Oman huzipiga vizuri sana, na wapo wapigaji wanaozipuliza wakiwa juu ya ngamia.

Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zimewahi kuwaona Waskoti. Mwaka 1879 msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia uliondoka Dar es Salaam ukiongozwa na Keith Johnston wa Edinburgh. Johnston alifariki Behobeho, upande wa Rufiji, mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 21. Thomson aliendelea mbele, akapita Uhehe na Ubena, akafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwezi Septemba. Milima inayoshuka kuelekea ziwani kutoka Makete na Ludewa hadi leo huitwa kwenye ramani kwa jina la Mskoti mwingine, David Livingstone. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoondolewa, wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya ziwa, walivisimamia kwa miaka kadhaa vituo vya misheni vilivyoachwa katika nyanda hizi.

Hao wote hawakuacha eli. Wamisionari waliliona suala la pombe kwa jicho kali, na wasafiri walikuwa na wapagazi wa kubeba shanga na nguo kabla ya kubeba mapipa. Huo ndio ukweli wa Uskoti katika Afrika Mashariki kwa ujumla: yalibaki makanisa, shule na majina ya milima, wakati kwenye glasi ilishinda laga iliyopikwa Nairobi, Dar es Salaam na baadaye Mbeya, pamoja na wiski, ambayo haina haraka ya kuharibika hata ikikaa kabatini mwaka mzima.

Nyanda hizo zilikuwa na kinywaji chake tayari, na hicho kinakwenda kinyume na eli kwa kila hali.

Ulanzi hutoka kwenye mlanzi, mwanzi ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Mwanzi huo hupatikana sehemu nyingi za Afrika, lakini desturi ya kuugema imeshamiri hasa kwa Wahehe, Wabena, Wakinga na majirani zao wa Iringa na Njombe. Mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, machipukizi huchomoza kutoka kwenye shina. Mgema hungoja chipukizi lipate kimo likiwa bado laini, kisha hulikata ncha kwa kisu kikali. Siku hiyo hapati kitu. Hurudi jioni akakwangua kipande chembamba mahali palepale, asubuhi tena, jioni tena, ili jeraha lisifunge, mpaka baada ya siku kadhaa maji yaanze kudondoka. Hapo hufunga mbeta, kikombe kilichokatwa kutoka kwenye pingili ya mwanzi, kikiwa kimeinamishiwa ncha iliyokatwa. Kuanzia siku hiyo mlanzi humdai kazi mara mbili kwa siku: kumimina kilichomo, kukwangua, kurudishia mbeta. Akilala siku moja, jeraha linakauka na chipukizi hilo limekwisha.

Hakuna moto, hakuna kimea, hakuna hamira ya dukani. Mbeta iliyotumika tayari ina chachu kwenye kuta zake, kwa hiyo maji huanza kuchachuka tangu yanapodondokea ndani. Yaliyogemwa asubuhi na kunywewa mapema ni mtogwa: matamu, meupe kama maji yaliyosuuziwa mchele, na katika nyumba nyingi hata watoto na walokole huyanywa bila kinyongo. Kufikia jioni utamu umepungua na ukali umeingia. Ulanzi uliokolea una kilevi cha asilimia 5 hivi, sawa na bia ya chupa. Ukiachwa zaidi huwa mkangafu, mchachu na mzito kichwani, wenye wapenzi wake hasa miongoni mwa wazee. Baada ya hapo ni siki. Yote hayo hutokea ndani ya siku mbili tatu, na hakuna mwenye uwezo wa kuuambia usubiri.

Ndiyo maana soko la ulanzi ni soko la saa. Alfajiri madumu ya lita 20 hufungwa kwenye baiskeli na pikipiki kutoka vijijini. Dumu halifungwi kifuniko hadi mwisho. Hulegezwa, au hutobolewa tundu dogo, kwa sababu gesi inayotoka inaweza kulivimbisha na kulipasua barabarani. Povu jeupe hububujika pale kwenye mdomo wa dumu njia nzima, na mtu aliyepakiwa nyuma yake hufika mjini suruali ikinukia safari yote. Mchuuzi huuza asubuhi kwa mwenye kilabu, naye hupima kwa lita. Akichelewa mpaka saa kumi jioni, bei hushuka, au wateja hubadilika: wale wa mtogwa wameondoka, wa mkangafu ndio wanaingia.

Makambako ni mahali panapoonyesha vizuri mwisho wa safari ya kinywaji hiki. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake mjini. Viazi, mbao, mahindi na parachichi hupita hapo kwa malori kwenda kila upande wa nchi. Ulanzi nao huondoka, mara nyingi katika dumu moja mbili chini ya siti ya basi, ukienda kwa ndugu wa Mbeya au Dar es Salaam. Unaofika Dar es Salaam ni ulanzi mwingine kabisa. Joto la pwani huuharakisha, na ndugu anayefungua dumu hilo jioni ya siku ya pili hupata mkangafu hata kama alitumiwa mtogwa. Huunywa, huusifu, hugawia majirani wa kwao, na kila mmoja hujua kwamba huu wa hapa si ule wa nyumbani.

Pendekezo linalosikika mara kwa mara ni kwamba ulanzi utiwe kwenye chupa. Hoja ina msingi. Arusha mvinyo wa ndizi hutengenezwa kiwandani, Dodoma zabibu zimekuwa na viwanda kwa miongo mingi, na hakuna sheria ya maumbile inayokataza ulanzi kuchemshwa kidogo ili chachu ife, ukafungwa na kubandikwa lebo. Mkulima angepata soko hata siku ambazo kilabu kimejaa. Lakini kinachouawa na moto huo ndicho wanywaji wanachokifuata. Ulanzi uliotulia chupani ni kinywaji kipya chenye jina la zamani. Kinaweza kuwa kizuri na kikauzika, ila mtu asidhani kwamba kwa kufanya hivyo urithi wa Ubena umehifadhiwa.

Historia ya eli ya Uskoti inatia shaka zaidi hapo. Kuwa na chupa, viwanda vikubwa na soko la dunia hakukuilinda nyumbani kwake. Katika karne ya 20 viwanda vilimezana. Mwaka 1960 kampuni za Younger na McEwan, zilizokuwa zimekwisha kuungana, ziliunganishwa na kiwanda cha Newcastle cha Uingereza na kuunda jitu moja. Kufikia mwaka 1970 viwanda huru vya zamani vilivyobaki Uskoti vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, Belhaven cha Dunbar kikiwa miongoni mwavyo. Baa zikauza bia za mitungi ya gesi na laga. Wakati huohuo Ubelgiji, nchi isiyo na undugu wowote na Waskoti, iliendelea kuinywa kwa mapenzi ile eli nzito na nyeusi ambayo watengenezaji wa Edinburgh waliipeleka huko. Wabelgiji wenyewe wakaanza kuitengeneza. Mjukuu wa Edinburgh angeweza kuipata kwa urahisi zaidi Brussels kuliko mtaani kwao.

Ilirudi kwa njia za ajabuajabu. Mwaka 1965 Peter Maxwell Stuart, mwenye jumba la kale la Traquair kusini mwa Uskoti, alianza tena kupika bia katika vyombo vya mababu zake vilivyokuwa vimesahauliwa jumbani humo. Wanywaji wa Uingereza walianzisha chama cha kutetea eli halisi mwaka 1971, na katika miaka iliyofuata madaraja ya shilingi yakarudi kwenye mabomba ya baa, safari hii yakiwa kumbukumbu tu. Hata hivyo ushindi haukuwa wa kudumu: kiwanda cha Caledonian cha Edinburgh, kilichoanza mwaka 1869, kilifungwa mwaka 2022.

Ulanzi hauna jitu la kuumeza. Hatari yake iko shambani. Chipukizi likigemwa halikui tena kuwa mwanzi. Mgema mwenye akili huacha mengine yasimame ili shina lisichoke, na mwenye njaa ya hela hugema yote. Milanzi ya zamani pia inahitaji kusafishwa na kupunguzwa, kazi ambayo vijana wengi wa Njombe hawaioni kama ajira. Ardhi nayo imepata mashindano. Tangu mwaka 1949 kampuni ya miwati ilipoanzishwa na Waingereza, vilima vya Njombe vimezoea mazao ya kuuzwa mbali: miwati, chai, misonobari, na sasa parachichi linalosafirishwa hadi Ulaya. Mkulima akipiga hesabu ya ekari moja, shina la mlanzi lililopandwa na babu yake halina bei inayoandikwa popote, kwa sababu linachotoa huuzwa kwa lita siku hiyohiyo na hela huliwa siku hiyohiyo. Hesabu hiyo inaupunja mlanzi. Shina moja lililotunzwa hurudi kila masika bila mbegu, bila mbolea ya kununua na bila dawa, na huleta fedha taslimu Januari na Februari, miezi ambayo mahindi bado mabichi na ada za shule zimekwisha kudaiwa.

Serikali kwa upande wake huutazama ulanzi kama pombe ya kienyeji, iliyo chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968: leseni, saa za kufungua, usafi wa kilabu. Ni sawa kabisa kudai dumu safi lisilowahi kubeba dawa ya shamba, na ulevi wa asubuhi ni tatizo ambalo hakuna familia ya Njombe inayohitaji kulisomea. Ila afisa kilimo anayefika kijijini na orodha ya mazao ya kuendelezwa kwa nadra huwa na mlanzi kwenye orodha hiyo. Zao linaloliingizia soko la Makambako hela kila asubuhi kwa nusu mwaka linasimamiwa na watu wa leseni peke yao.

Kwa walioko mbali, urithi umebebwa na vitu vingine. Wakinga waliotapakaa katika biashara za Kariakoo, Mbeya na mikoa mingine, na Wabena waliohamia mijini, wana vikundi vya kuzikana na kusaidiana vinavyofanya kazi ileile ya chama cha Charleston cha mwaka 1729. Mtu akifariki, kikundi huchanga na mwili hurudishwa kwao. Salamu ya kamwene hutosha kumtambulisha mtu gulioni. Siku ya kwenda nyumbani pia ipo, nayo ni Desemba, na kwa bahati nzuri inaangukia kwenye mvua: anayefika Njombe kwa Krismasi hukuta mbeta za kwanza zimekwisha kufungwa, na akikaa hadi Mwaka Mpya hunywa mtogwa shambani kabla haujapanda pikipiki. Burns alihitaji kamati na mialiko ili akumbukwe Januari. Ulanzi hujiwekea kalenda wenyewe.

Ikifika Juni machipukizi hukauka, mbeta huanikwa au hutupwa, na vilabu hugeukia komoni. Hapo ndipo nyanda hizi hukaribiana na Uskoti. Unga wa mahindi huvundikwa, ukakaangwa, ukapikwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, na chachu ikaachiwa katika joto la chumba. Ni kazi ya mikono ya wanawake kwa sehemu kubwa, na kwa hatua zake ni ndugu wa eli kuliko ulanzi. Kimea cha ulezi ni kikavu. Mama anayekwenda kuishi Dar es Salaam anaweza kukifunga kwenye mfuko kilo mbili, akafika nacho salama, mahindi akayanunua hukohuko, na komoni yake ikatoka kama ya Makambako, kama Alexander Keith alivyoipata eli yake Halifax. Wabena wa mjini wanaotaka kunywa cha kwao katikati ya Agosti hufanya hivyo. Mlanzi haufungwi kwenye mfuko, na anayeutaka ulanzi atategemea uamuzi wa mwenye shamba huko Lupembe au Wanging'ombe, mwaka ule mnunuzi wa parachichi atakapompigia hodi.